Tumbo la Bulanda, Bangili ya Ruwej

Mwindaji aliyefika Mwibele, karibu na Ziwa Boya huko Katanga, hakula mbele za watu. Wasimulizi wa Kiluba hulitaja hilo mapema, maana ndilo linalomtambulisha Mbidi Kiluwe kuliko upinde wake. Mwenyeji wake, Nkongolo Mwamba, alikuwa mtu wa hadharani kwa kila kitu. Akila wanamwona, akinywa wanamwona, akicheka kinywa chote kiko wazi. Mgeni akawa kinyume chake. Alificha mdomo kwa mkono alipocheka, akakataa chakula mpaka alipotengewa mahali pa faragha, na jambo hilo likawachekesha watu wa Nkongolo, kama yalivyowachekesha meno yake yaliyochongwa. Kicheko hicho kiliwatoka mapema mno. Baadaye kila mulopwe, yaani mfalme wa Kiluba, angekula peke yake bila jicho la mtu kumwona, na Nkongolo angebaki katika kumbukumbu kama mtawala asiyejua adabu ya utawala.

Nkongolo alimpa mgeni dada zake wawili, Bulanda na Mabela. Hapa msomaji aliyezoea visa vya ndoa za siri za wafalme wa Ulaya atatafuta mlango wa nyuma, kasisi aliyeamshwa usiku, mashahidi wawili waliolishwa kiapo. Hatavipata. Ndoa ilifungwa mchana, mwenye mji ndiye aliyeiidhinisha. Ndoa haikuwa ya siri. Siri ilikuwa mume. Mbidi hakusema yeye ni nani wala damu yake ni ya namna gani. Alikuja kutoka mashariki, ng'ambo ya mto Lualaba, akifuata mawindo, akaoa, na mimba ya Bulanda ilipokuwa bado tumboni akaondoka. Aliyeachiwa siri hiyo alikuwa mganga Mijibu wa Kalenga, pamoja na mshale ambao mtoto angeutumia siku moja kujulikana kwa baba yake.

Mtoto akazaliwa, akaitwa Ilunga. Akakua katika mji wa mjomba wake bila mtu kumwambia kwa sauti kwamba yeye ni zaidi ya mpwa.

Kisa kilichofuata husimuliwa kwa namna nyingi kuanzia Kabongo mpaka Kamina, na sina nia ya kuzipatanisha. Zote zinakubali kwamba kijana alimshinda mjomba katika kila jambo, mbio, ngoma, vita na mchezo wa masoko. Siku Nkongolo aliposhindwa mchezoni, mama yake mzazi alicheka. Mfalme akaamuru mama huyo azikwe akiwa hai. Kisha akachimba shimo, akapanda mikuki ndani yake, akatandika mkeka juu na kumwalika mpwa aje acheze ngoma mbele ya watu. Mpiga ngoma alimwonya kijana kwa mdundo. Ilunga alicheza akikaribia, akatoboa mkeka kwa mkuki wake, akaliona shimo, akaruka juu ya vichwa vya watazamaji na kukimbilia mtoni. Wavushaji wakamvusha, na waliokuja nyuma yake hawakuvushwa. Nkongolo alijaribu hata kujenga njia ya mawe ndani ya maji ili amfuate. Haikusaidia kitu. Ilunga alirudi na jeshi la baba yake, akiwa sasa na jina la Kalala, ambalo katika ikulu ya Kiluba ni cheo cha mkuu wa vita. Nkongolo akakimbilia mapango ya milima ya Kaii, akakamatwa, akakatwa kichwa.

Watu husimulia kisa hiki kama hadithi ya mtawala mbaya na kijana mwema. Mimi hukisoma kama shauri lililopelekwa mahakamani. Tazama nguvu ya dai la Kalala Ilunga. Majirani wa Waluba upande wa kusini, Wasanga, Walamba, Wabemba, hufuata ukoo wa mama. Kwao mtoto wa dada ndiye mrithi wa mjomba, na mwana wa mfalme hana chake. Waluba wa nyumba ya kifalme hufuata ukoo wa baba. Kijana wetu anashinda kwa sheria zote mbili. Ukimhukumu kwa tumbo la Bulanda, ni mpwa wa Nkongolo na mrithi wake halali. Ukimhukumu kwa damu ya Mbidi, ana bulopwe, ile nguvu takatifu ya utawala ambayo Nkongolo hakuwa nayo hata chembe. Mwanasheria aliyekaa mwezi mzima asingetunga hati nzuri zaidi ya hiyo. Hapo ndipo shaka yangu huanza, kwa sababu nasaba isiyo na tundu hata moja kwa kawaida imepita mikononi mwa fundi.

Mafundi wenyewe tunawajua. Chama cha Mbudye ndicho kilichotunza historia ya ufalme, na chombo chao kilikuwa lukasa, ubao wa mbao uliobonyea katikati, uliopambwa kwa shanga na michoro. Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisoma safari ya Mbidi, mji wa Nkongolo, mipaka ya machifu na mahali pa mizimu. Shanga ileile iliweza kutamkwa tofauti mbele ya chifu huyu na yule. Chifu aliyetaka kuthibitisha haki yake aliwahitaji watu hao, nao walijua wanachohitajiwa.

Je, kuna cha kweli chini ya shanga? Katika bonde la Upemba, kwenye mwambao wa Ziwa Kisale, makaburi ya Sanga yalifukuliwa mwaka 1957 na 1958 na Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, kisha Pierre de Maret akarudi huko miaka ya 1970. Walichokikuta kinarudi nyuma mpaka karne ya 8. Humo mna mashoka ya fahari yaliyopambwa, fuawe za chuma zilizolazwa karibu na vichwa vya wafu, vito vya shaba, na baadaye misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya nchi. Shoka na fuawe ni alama zilezile walizotumia wafalme wa Kiluba karne nyingi baadaye. Yamo pia makaburi ya watoto yenye mali ambayo mtoto hawezi kuwa ameichuma mwenyewe. Kwa hiyo wakati Ulaya ikiwa katika zama zake za kati, hapa kando ya Lualaba heshima ilikuwa tayari inarithiwa, na penye urithi pana ugomvi. Majina ya waliogombana hayakuandikwa kwenye fuawe. Wataalamu waliojaribu kumpa Nkongolo tarehe wamepishana kwa karne nzima na zaidi. Edmond Verhulpen, mwaka 1936, alimweka mwishoni mwa karne ya 16. Thomas Reefe, aliyeandika historia ya wafalme hao mwaka 1981, aliona hata kuuliza tarehe yake ni kulikosea lile simulizi lenyewe.

Linganisha na Ureno. Inês de Castro, mpenzi wa Pedro, mwana wa mfalme, aliuawa kwa amri ya baba yake Pedro tarehe 7 Januari 1355. Pedro alipokwisha kuwa mfalme, mwaka 1360, alitangaza kwamba alikuwa amemwoa Inês kwa siri huko Bragança miaka kadhaa nyuma, ila siku yenyewe haikumbuki. Mfalme anasahau siku ya harusi yake! Miaka 25 baadaye, katika baraza la Coimbra la 1385, mwanasheria João das Regras alisimama na kuivunja ndoa hiyo kipande kwa kipande. Watoto wa Inês wakahesabiwa haramu na taji likaenda kwa João wa Avis, ambaye naye alikuwa mwana wa Pedro wa nje ya ndoa, lakini alikuwa na jeshi na mji wa Lisbon nyuma yake. Huko ubishi ulikuwa juu ya tendo lenyewe: ndoa ilifungwa au haikufungwa, nani alishuhudia, kasisi alikuwa na ruhusa ya Papa? Katanga swali hilo halikuwa na uzito. Posa na mahari ni mambo ya ukoo mzima, huwezi kuoa kwa siri mwanamke ambaye wajomba zake wanangoja jembe na shaba yao. Kilichofichika, na kilichogombaniwa, ni kilichopita ndani ya ndoa: damu gani iliingia nyumba gani, na nani aliyejua.

Ndiyo maana wanawake wa ikulu ya Kiluba hawakuwa pambo. Kila mke wa mfalme aliletwa na ukoo wake, na mwanawe alipofikia umri wa kugombea, wajomba zake ndio waliokuwa jeshi lake. Mfalme alipokufa, vita vilikuwa baina ya ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Waandishi wa Kizungu wa wakati wa ukoloni waliandika hayo kama fujo za washenzi. Kwa kweli ulikuwa uchaguzi wenye kanuni zake: kila ukoo uliompa mfalme mke ulikuwa umeweka tiketi yake, na kura zilipigwa kwa mikuki.

Kuna ndoa moja ambayo kweli ilikuwa ya gizani. Mfalme mpya, kabla ya kutambuliwa, aliingizwa katika nyumba isiyo na dirisha iliyoitwa nzubu ya malwa, nyumba ya balaa, na humo, kwa maelezo ya wachunguzi wa mila za Kiluba, alikutana na wanawake wa damu yake mwenyewe, jambo ambalo kwa raia yeyote lingekuwa laana. Luc de Heusch, Mbelgiji aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuufikiria ufalme wa Afrika ya Kati, aliona katika tendo hilo jaribio la kumtoa mfalme nje ya ukoo wote, asiwe tena shemeji wala mkwe wa mtu. Nadhani yuko sahihi, ingawa kitabu chake cha mwaka 1972 kinapenda sana alama na kusahau wajomba wenye mikuki.

Hata kifo hakikukata ndoa. Mfalme akishakufa, roho yake ilimpanda mwanamke aliyeitwa mwadi. Alirithi alama za marehemu, akaishi katika mji wake ambao sasa uliitwa kitenta, haolewi tena, na mfalme aliye hai alimpelekea zawadi na kusikiliza neno lake. Kwa hiyo mrithi hakuweza kukaa katika mji wa baba yake, ilimpasa kujenga mwingine. Upinzani dhidi yake uliweza kutoka katika mji wa marehemu, kwa sauti ya mwanamke aliyesema kwa kinywa cha mfalme aliyetangulia. Sijui mrithi gani wa Ulaya aliyewahi kuwa na mama wa kambo mwenye mamlaka ya aina hiyo.

Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Kilemba, mji wa Kasongo Kalombo, mwaka 1874. Alipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu wa pwani, Juma Merikani, ambaye alikuwa amekwisha jenga na kulima hapo. Mfalme hakuwapo, alikuwa akizunguka nchini akikusanya kodi. Aliyekuja kumkagua mgeni alikuwa mke mkuu, ambaye Cameron anamwita Fume a Kenna, na inaonekana wazi kwamba mume asipokuwapo yeye ndiye mwenye mji. Kasongo Kalombo mwenyewe alikuwa amepata kiti hicho kwa kuwapiga nduguze baada ya kifo cha baba yao, Ilunga Kabale, yapata mwaka 1870. Bunduki za wafanyabiashara zilikuwa zimeingia katika ule uchaguzi wa zamani, na uchaguzi wenye bunduki za kununua una tabia ya kutokwisha. Kasongo alipofariki, warithi walipigana mpaka Wabelgiji walipowakuta na kuwagawa. Ufalme mmoja ukawa majimbo mawili ya kichifu, Kasongo Nyembo na Kabongo, kila moja likisema ndilo lenye mizizi ya Kalala Ilunga. Yapo hadi leo, Haut-Lomami.

Sasa twende magharibi, kwenye mto Kalanyi, katika nchi ya Walunda.

Mzee Nkond, mtawala wao, alikuwa akisuka mkeka. Mbele yake palikuwa na chombo cha maji ya kulowekea nyuzi, maji yaliyogeuka meupe. Wanawe wawili, Kinguri na Chinyama, wakarudi wamelewa, wakadhani baba anakunywa pombe ya mitende na kuwanyima. Wakampiga. Mzee aliumia vibaya na kabla ya kufa akawanyima urithi. Bangili ya utawala, lukano, akampa binti yake Ruwej, na wazee wakakubali wamlinde mpaka atakapopata mume anayefaa.

Mume akatoka porini. Chibinda Ilunga, mwana wa nyumba ya wafalme wa Kiluba, alikuwa akiwinda na kundi lake karibu na mto, akakutana na watu wa Ruwej. Alikuwa na nyama, mishale mizuri na adabu za kikwao. Ruwej akamtaka. Kaka zake hawakuulizwa, na hata wangeulizwa jibu lao lilijulikana. Halafu likaja tendo ambalo mabishano yote yalilizunguka. Ruwej alikuwa mwezini, na katika hali hiyo mwiko ulimzuia kuvaa lukano. Akaivua, akamvisha mumewe mbele ya wazee. Kwa siku chache tu, au kwa daima? Bangili haikurudi mkononi mwake.

Kinguri alikataa kuitwa mtu wa mgeni. Akachukua watu wake akaenda magharibi, kule ambako leo ni Angola, na jina lake likabaki katika asili ya Waimbangala na ufalme wa Kasanje. Chinyama akaelekea kusini na kuwa babu wa watawala wa Waluena. Ruwej naye hakuzaa. Akamtafutia mumewe mke wa pili, Kamonga, na kutoka tumbo hilo ndiko ilikotoka nasaba ya Mwant Yav, wafalme waliokaa Musumba na ambao matawi yao yalifika mpaka kwa Kazembe kwenye mto Luapula.

Ukiwa umekisoma kisa cha Bulanda, utaona kimegeuzwa kama nguo upande wa ndani. Kule mwanamke anatolewa na kaka yake, hapa anajichagulia. Kule mgeni anaondoka na mwanawe anapigana, hapa mgeni anabaki na ndugu za mke ndio wanaohama. Kule tumbo ndilo hati ya haki, hapa tumbo halizai kitu na hati ni bangili. Walunda wanakiri kwamba damu ya Kiluba iliingia ikulu yao, lakini wanakiri kwa masharti yao: haikuingia kwa upanga, iliingia kwa sababu mwanamke wetu alitaka, na alitoa kwa mkono wake. Ushindi wa vita, kama ulikuwapo, umevishwa nguo ya harusi.

Kama ulikuwapo. Mreno Henrique de Carvalho, aliyefika Musumba mwaka 1887, ndiye aliyeandika simulizi hili kwa urefu, na kitabu chake cha mwaka 1890 kikawa mama wa vyote vilivyofuata. Kwa miaka mingi wanahistoria walilichukua kama habari: Waluba waliwateka Walunda, wakuu wasioridhika wakahama, dola za Angola zikazaliwa. Jan Vansina, katika kitabu chake cha 1966 juu ya falme za savana, alilifuata kwa sehemu kubwa. Mwaka 1998 Vansina huyohuyo aliandika makala akisema kwamba kule kuhama kwa Kinguri hakukutokea kamwe. Ni nadra kumwona bingwa akibomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe, na kwa hilo namheshimu. Hoja ya upande huo ni kwamba watawala wa mbali, walipotaka kujifungamanisha na utukufu wa Musumba na biashara yake, walijitafutia babu aliyetoka huko akiwa amenuna. Babu aliyehama kwa hasira ana faida kubwa: anakupa undugu na ikulu bila kukufanya mtumwa wake.

Mimi siuoni uzushi huo kama kasoro. Walunda walikuwa na kanuni iliyoufanya undugu usichakae. Anayerithi cheo hurithi jina, wake, wana na wadogo wa marehemu. Chifu fulani akiwa mwana wa Mwant Yav wakati wa cheo kuanzishwa, mrithi wa chifu huyo, hata akiwa mzee wa mvi, ni mwana wa Mwant Yav wa leo hata akiwa kijana. Hivyo ndoa ya Ruwej haikuisha. Yupo mwanamke mwenye cheo cha Swana Mulunda, naye ndiye Ruwej. Yupo Lukonkesha, naye ndiye Kamonga, mama wa mfalme. Mjerumani Paul Pogge aliyefika Musumba miaka ya 1870 alimkuta Lukonkesha akiwa na baraza lake na vijiji vyake vinavyomlipa kodi yeye na si mfalme. Kila Mwant Yav mpya anaingia katika ndoa ileile, na kila mzozo wa urithi unapita mbele ya wanawake hao wawili, mmoja mwenye bangili na mwingine mwenye tumbo. Ukihitaji katiba, hiyo ni katiba, na iliandikwa kwa namna ambayo haihitaji karatasi wala kasisi mwenye kumbukumbu nzuri.

Wasomaji wa pwani watakuwa wamekwisha kuitambua sura ya jambo hili. Kilwa wanasimulia Mshirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo na kumwoa binti wa mwenyeji, Mrimba, na mtoto wa ndoa hiyo akawa mtawala. Pate wanasimulia Mnabahani kutoka Oman aliyemwoa binti wa mfalme wa Kibatawi na kuupata utawala kwa mkewe. Bahari au pori, mgeni huja na kitu kizuri mkononi, nguo au nyama au mishale, na mwenyeji huja na ardhi na binti. Tofauti ni nani anayebaki kusimulia.

M'siri alikuwa wa mwisho katika msururu huo, na kwake hatuhitaji kubahatisha. Ngelengwa, mwana wa Kalasa, alitoka Unyamwezi katikati ya karne ya 19 akifuata shaba, akajenga Bunkeya, na akaoa siasa yake yote: mabinti wa machifu aliowatiisha, na Maria de Fonseca kutoka upande wa wafanyabiashara wa Kireno wa Angola, waliomletea baruti. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Mzungu Stairs. Warithi walikuwa wengi na mzozo ungekuwa mrefu, lakini safari hii aliyeamua hakuwa mwadi wala mjomba. Stairs alimtambua Mukanda-Bantu, akampa nchi iliyopunguzwa, na wakuu wengine wakapata uhuru wao kwa barua ya Mzungu.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1910, Élisabethville ikaanza kujengwa, Lubumbashi ya leo. Hakuna hata kiti kimoja cha enzi kati ya hivi kilichomo ndani ya mji, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 hakuna hata kimoja kilichomo Haut-Katanga: Musumba na Bunkeya ziko Lualaba, Waluba wako Haut-Lomami. Walioletwa mjini ni wajukuu wa falme hizo, kuja kuyeyusha shaba ya kampuni ya Union Minière, wakalala kambi moja na kupanga nyumba jirani Kamalondo na Kenya. Pamoja nao kampuni ilileta maelfu ya watu wa Kasai. Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 ulipowapa wageni umeya wa mitaa ya Waafrika, wenyeji wakaunda Conakat, Oktoba 1958, chama cha Wakatanga wa asili.

Viongozi wake wawili wakuu walitoka moja kwa moja katika sura hii. Moïse Tshombe, mwana wa mfanyabiashara tajiri, alikuwa amemwoa binti wa Mwant Yav Ditende. Ndoa hiyo, iliyofungwa wazi na kubarikiwa, ilimpa uzito Musumba na Lualaba yote ambao duka la baba yake lisingempa kamwe. Godefroid Munongo, baadaye waziri wake wa mambo ya ndani, alikuwa mjukuu wa M'siri, yaani mjukuu wa mtu wa Unyamwezi. Waluba wa Katanga, chini ya Jason Sendwe, walitoka katika muungano wao na Conakat mwaka 1959 na kushika njia yao, na Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, bendera yake ikiwa na misalaba mitatu ya shaba kama ile ya makaburi ya Sanga, kaskazini iliwaka moto. Wajukuu wa Kalala na wajukuu wa Ruwej walikuwa tena pande mbili za mto. Nimesoma hotuba kadhaa za Conakat juu ya nani mwenyeji na nani mgeni katika nchi hii. Sijakuta hata moja inayouliza Chibinda Ilunga alitoka wapi.